Paka Hana Bei Sokoni: Mhadhara juu ya Ujira wa Matabibu wa Wanyama



Ng'ombe ana bei yake mnadani, mbuzi ana bei yake, na punda abebaye mchanga na matofali katika vichochoro vya Lamu naye ana bei inayojulikana na kila mwenye kumiliki mnyama wa kazi. Na kwa sababu hiyo matibabu ya wanyama hao yana mpaka wake wa asili, kwa maana hakuna mfugaji mwenye akili timamu atakayetoa fedha za ng'ombe wawili ili amponye ng'ombe mmoja, wala hakuna tabibu atakayethubutu kumtaka afanye hivyo. Lakini paka wa nyumbani, aliyeokotwa kichochoroni akiwa bado hajafumbua macho, akalishwa kwa ncha ya kidole, akakua akilala miguuni pa bibi wa nyumba, hana bei. Sokoni hauzwi, na lau angeuzwa, fedha zake zisingetosha kununua dawa ya juma moja. Mpaka wa gharama zake umo moyoni mwa mwenyewe, na moyo, kama tujuavyo sote, haujui hesabu saa ya hofu. Hapo ndipo penye asili ya maudhui niliyoitwa kuyazungumza mbele ya hadhara hii: kwamba pale ambapo mapenzi peke yake ndiyo mpaka wa malipo, yule mwenye kutaja kima ana uwezo mkubwa juu ya yule mwenye kulipa, na uwezo huo haupati kuwa halali isipokuwa kima kitajwe wazi kabla ya mkono kugusa kazi.

Najua wapo watakaoona kwamba habari za paka na mbwa ni jambo dogo katika nchi zenye wagonjwa wa kibinadamu wasiopata dawa. Siwalaumu. Nasema tu kwamba katika fikihi waliyotusomesha wazee wetu, nafaqa ya mnyama, yaani matunzo yake, ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, na kwamba mtu anayejitahidi kuutimiza wajibu huo hastahili kudhulumiwa kwa sababu wajibu wake unaonekana mdogo machoni pa jirani.

Utabibu wa wanyama, katika sura tunayoijua leo, ulizaliwa kwa ajili ya wanyama wenye bei. Chuo cha kwanza kiliasisiwa Lyon, Ufaransa, mnamo 1761, na Claude Bourgelat, mtu wa farasi, katika zama ambazo sotoka ilikuwa ikiteketeza ng'ombe wa Ulaya, maradhi yale yale ambayo katika miaka ya 1890 yalizifilisi jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki na ambayo dunia haikutangazwa kuwa imeokoka nayo mpaka 2011. Chuo cha London kikafuata mnamo 1791, na mnamo 1844 matabibu wa Uingereza wakapewa hati ya kifalme iliyowafanya kuwa taaluma yenye chuo chake na nidhamu yake. Katika muda wote huo hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini bei haikuandikwa ukutani, kwani mwenye farasi na tabibu wake walikuwa watu wa soko moja, na kila mmoja aliijua thamani ya kitu kilichosimama baina yao. Gari la moshi na motokaa ndivyo vilivyombadilishia tabibu wateja wake. Farasi alipoondoka barabarani, mbwa na paka wakaingia chumba cha daktari, na pamoja nao wakaingia watu wa mijini ambao hawakuwa na mizani ya kupimia gharama.

Maskini wa miji walilihisi jambo hili mapema. Mnamo 1917, vita vikuu vya kwanza vikiwa bado vinaunguruma, bibi mmoja aitwaye Maria Dickin alifungua zahanati katika mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London, ili kuwatibu bure wanyama wa watu wasiojiweza. Na shirika alilolianzisha lingalipo hata leo. Wema ule ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa jawabu la swali letu, kwa kuwa mwenye kutibiwa bure haulizi bei, na tajiri haogopi bei. Anayeteseka ni yule wa katikati, mwenye mshahara wa kadiri, ambaye hastahiki sadaka na hana akiba. Na watu wa namna hiyo ndio walio wengi.

Nimeichagua Uingereza kuwa mfano wangu kwa sababu ni nchi iliyokubali kulichunguza jambo hili hadharani, kwa hesabu na kwa sheria, na kwa sababu wengi wa jamaa zetu waliohamia London, Leicester na Birmingham wamejifunza huko kufuga mnyama ndani ya nyumba na wakakutana na bili zake. Sheria ya matabibu wa wanyama ya nchi hiyo ni ya mwaka 1966. Inamsimamia tabibu mwenyewe, elimu yake na mwenendo wake; haiisimamii biashara anayofanyia kazi. Ilipotungwa hapakuwa na kasoro, maana tabibu na mwenye duka la utabibu walikuwa mtu mmoja, na ukimtia adabu tabibu umemtia adabu mwenye mali. Lakini mnamo 1999 mlango ulifunguliwa kwa watu wasio matabibu kumiliki kliniki, na fedha za makampuni zikaanza kuingia. Mnamo 2013 kliniki zilizokuwa mikononi mwa makundi makubwa ya kibiashara zilikuwa kiasi cha moja katika kumi; muongo mmoja baadaye zilikuwa zimekaribia sita katika kumi, na makundi yenyewe ni sita tu.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana jambo lenyewe si la hadaa iliyo wazi, nalo kwa hiyo ni gumu kulishika. Kampuni inunuapo kliniki ya daktari mzee aliyeheshimiwa mtaani kwa miaka mingi, aghalabu huliacha jina lake mlangoni. Kibao ni kile kile, kiti cha kungojea ni kile kile, na pengine msichana wa mapokezi ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali ambapo bei hupangwa. Mwenye mbwa akihisi kwamba bei imepanda, akaamua kwenda kliniki ya pili iliyo barabara ya nyuma, huenda akawa ametoka mfuko mmoja akaingia mfuko huo huo, na maabara inayopima damu, na hospitali ya usiku, na mahali pa kuchomea maiti ya mnyama, vyote vikawa vya bwana mmoja. Kumiliki si dhambi. Kumficha mmiliki ndiko kunakomnyima mnunuzi uwezo wa kuchagua, na pasipo uchaguzi ridhaa yake huwa pungufu.

Mnamo Septemba 2023 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilianza kuipitia biashara hii na ikawaalika watu watoe habari zao. Majibu yaliyofika yalikuwa kama 56,000, mengi yao ya wenye wanyama, na zaidi ya elfu kumi yakiwa ya watu wanaofanya kazi katika biashara hiyo yenyewe, jambo linaloonyesha kwamba hata waliokuwa ndani ya nyumba walikuwa na la kusema. Machi 2024 mamlaka ikabainisha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kliniki hazikuwa na bei yoyote katika tovuti zao. Mei mwaka huo uchunguzi rasmi ukaanza, na Oktoba 2025 yakatangazwa maamuzi ya muda: kwamba baina ya 2016 na 2023 bei za matibabu ya wanyama zilipanda kwa wastani wa asilimia 63, kupita mno kupanda kwa bei za vitu vingine, na kwamba katika kliniki za makundi makubwa mtu hulipa kwa wastani asilimia 16.6 zaidi kuliko katika kliniki za kujitegemea.

Insafu inanilazimu niseme upande wa pili, nami nausema kwa moyo safi. Tabibu wa wanyama husoma miaka mitano, Nairobi na Morogoro kama ilivyo London, ili atibu viumbe visivyoweza kusema panapouma. Mashine ya eksirei haijui kwamba aliyelala juu ya meza ni sungura na si waziri. Bei yake ni ile ile. Dawa ya usingizi, hewa ya oksijeni, uzi wa kushonea, mshahara wa muuguzi anayekesha, kodi ya ongezeko la thamani ambayo Uingereza hutoza asilimia 20 juu ya matibabu hayo, vyote hulipwa na mtu mmoja, mwenye mnyama. Katika nchi ile ambayo tangu 1948 mtu huingia hospitali ya serikali na kutoka bila kuonyeshwa bili, watu wengi hawajui kabisa upasuaji wa mguu hugharimu nini; wanakutana na ukweli huo kwa mara ya kwanza kupitia mguu wa mbwa, na ghadhabu yao humwangukia kijana wa kike aliyevaa koti la kijani, ambaye bei hakuipanga wala faida haimfikii. Matabibu hutukanwa. Huambiwa hawana huruma, nao waliiacha kazi yenye malipo makubwa zaidi kwa sababu ya huruma. Kwa hiyo ninapotaka bei itajwe, nawatakia matabibu hao kinga kama ninavyowatakia wateja wao haki.

Tushuke sasa katika jambo lenyewe, kwa karibu. Paka dume hushikwa na maradhi ya kuzibika njia ya mkojo, kwa chembechembe za mchanga na ute zinazojikusanya katika mrija ulio mwembamba mno. Utamwona akiingia katika kisanduku chake cha mchanga na kutoka, akichutama na kujikaza, wala halimtoki hata tone. Ukimgusa tumbo hulia kwa sauti ambayo nyumba ile haijapata kuisikia. Kibofu hujaa kikawa kigumu chini ya vidole, figo hushindwa kuisafisha damu, potasiamu hupanda mpaka mapigo ya moyo yakaenda ovyo, na katika siku mbili tatu mnyama hufa. Mwenye paka hufika kliniki usiku, kwa kuwa maradhi haya hayana adabu ya saa za kazi, na usiku bei ni nyingine. Daktari humpima, humtoa damu, humlaza kwa dawa, hupitisha mrija, hukiosha kibofu, humtundikia maji ya dripu, na kumweka siku mbili au tatu akimpima tena na tena. Kisha mrija hutolewa, na watu wote humngoja paka akojoe mwenyewe. Wako wanaopona moja kwa moja. Wako wanaozibika tena kabla juma halijaisha, na hapo ndipo huja maneno ya upasuaji wa kuupanua mlango wa mkojo, ambao ni kazi nyingine na fedha nyingine.

Nilipata kusimama katika mapokezi ya kliniki moja ya London pamoja na jamaa yangu, mama wa Kimombasa, aliyemleta paka wake katika hali hiyo. Aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu itakuwa kiasi gani, akajibiwa kwamba hilo hutegemea. Akauliza tena kwa njia nyingine, akajibiwa kwa upole ule ule kwamba la muhimu kwa sasa ni afya ya mnyama. Kisha akaletewa karatasi ya ridhaa, akatia sahihi, na mahali pa fedha palikuwa patupu. Yule mama ni mfanyabiashara aliyeuza vitambaa kwa jumla na rejareja katika maisha yake yote, na hajapata kununua hata jora moja bila kujua bei ya yadi. Usiku ule alikubali deni lisilo na mwisho kwa kuwa kukataa kungeonekana ni kumkataa paka. Siku tatu baadaye alipewa ankara ya mistari kumi na kitu, naye akalipa yote, akashukuru. Maumivu aliyonieleza njiani hayakuwa ya fedha zenyewe. Aliona kwamba hakutendewa kama mtu mzima.

Je, daktari yule angeweza kutaja bei? Swali hili ndilo kiini cha mhadhara wangu, na jawabu lake nimelikuta katika elimu iliyosomwa kwenye misikiti ya pwani hii kabla hakujawa na mamlaka ya ushindani mahali popote. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii walitenganisha mikataba miwili. Wa kwanza ni ijara, ambao haupati kuswihi ila kazi ijulikane na ujira ujulikane: nijengee ukuta huu, urefu huu, kwa kiasi hiki. Wa pili ni jualaa, kama mtu asemapo kwamba atakayemrejeshea ngamia wake aliyepotea atampa kadhaa. Na hapa fakihi hukubali kwamba kazi isijulikane, maana ngamia huenda yuko nyuma ya kilima au yuko safari ya siku kumi, lakini hakubali kwamba malipo yasijulikane. Tazameni hekima yake. Shaka iliyomo katika kazi huvumiliwa kwa dharura, kwa kuwa hakuna awezaye kuiondoa. Shaka iliyomo katika malipo haivumiliwi, kwa kuwa ni shaka ya kutengenezwa, na aliyeitengeneza anaweza kuiondoa kwa neno moja.

Ugonjwa wa yule paka una shaka ya aina ya kwanza. Daktari hajui kama ni usiku mmoja au masiku manne. Lakini ajua bila shaka yoyote ada ya kumwona mnyama usiku ni kiasi gani, kupima damu ni kiasi gani, kulaza kwa dawa na kupitisha mrija ni kiasi gani, na kila usiku wa kulazwa ni kiasi gani. Hayo yote yamo katika kompyuta iliyo mbele ya msichana wa mapokezi, kwani ndimo ankara itakamotoka. Basi na ayataje. Aseme: usiku huu hautapungua kiasi hiki wala hautazidi kiasi hiki, kesho asubuhi nitakupigia simu, na hakuna jipya litakalofanywa juu ya kiasi hicho ila kwa idhini yako. Daktari asemaye hivyo hakudai elimu ya ghaibu. Ameyataja yale asiyoyajua na ameyataja yale ayajuayo, na mwenye paka ameondoka akijua amesimama wapi.

Mamlaka ya Uingereza, kwa njia yake, imefika jirani na hapo. Miongoni mwa mapendekezo yake 21 ya Oktoba 2025 limo la kila kliniki kuchapisha orodha ya bei za huduma za kawaida, la kumtangaza mmiliki wa kliniki, na la kutoa makisio ya maandishi kwa matibabu yanayotazamiwa kuzidi pauni 500. Mimi kiwango hiki cha pauni 500 sikipendi. Mtu wa kipato cha chini huanguka kwa pauni 300, na hapo pendekezo limenyamaza. Lingekuwa bora makisio yawe haki ya kila anayeyataka, kwa kiasi chochote, na kiwango kiwekwe kwa ajili ya wale wasioyataka tu.

Kuhusu dawa nitasema kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo palipo na mafunzo ya zamani yaliyosahauliwa. Tabibu wa wanyama, tofauti na wengi wa matabibu wa watu, ndiye aandikaye dawa na ndiye aiuzaye, dirisha lile lile. Mwenye mbwa wa maradhi ya kudumu, ya moyo au ya viungo, hununua dawa ile ile kila mwezi kwa miaka, na kliniki huipata faida yake kila mwezi. Angeweza kuinunua kwingine kwa bei nafuu, lakini ahitaji karatasi ya daktari, na karatasi ina malipo yake. Uingereza ililiona jambo hili zamani: tume yake ya ushindani ya wakati ule ilitoa ripoti mnamo 2003, na kutoka 2005 mpaka 2008 matabibu walikatazwa kutoza chochote kwa karatasi ya dawa. Muda ulipokwisha malipo yalirudi, kila kliniki kwa kiasi chake, na baada ya miaka kumi na saba mamlaka mpya ikarudi mahali pale pale ikipendekeza malipo hayo yasizidi pauni 16. Jambo hili lastahili kutiliwa maanani na watunga sheria wetu, kwamba amri yenye tarehe ya mwisho huwafunza wafanyabiashara subira, haiwafunzi desturi.

Nyumbani kwetu mambo yana sura nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali zetu zilipoondoa mkono wake katika huduma za mifugo kwa sharti la marekebisho ya uchumi, daktari aliyekuwa mtumishi wa umma aligeuka kuwa mtu wa kujitafutia, na bei iliyokuwa ya serikali ikawa ya mapatano. Kenya ina sheria yake ya matabibu wa mifugo ya 2011, Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003, na kila moja ina chombo cha kusajili matabibu na kuwatia adabu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nayo. Lakini katika mitaa ya kitajiri kama Nyali, Masaki na Oysterbay, daktari huja nyumbani na begi lake, na bei hutajwa kwenye simu kwa neno "kuanzia", kisha humalizikia barazani baada ya kuonekana lango, bustani na gari. Nimeyasikia haya kutoka kwa wenye mbwa na nimeyasikia kutoka kwa matabibu wenyewe, ambao hujitetea kwamba tajiri hulipa ili maskini apunguziwe. Nia hiyo ni njema, na wako wanaoitimiza kwa uaminifu. Lakini punguzo la maskini huwa punguzo pale tu ambapo bei kamili imeandikwa. Isipoandikwa, maskini hajui kama amehurumiwa, na tajiri hajui kama ametoa sadaka.

Iko huduma moja ambayo naona haipaswi kuwa na bei kabisa, nayo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto; na dalili zikishatokea hakuna tiba. Ili yakome yapasa mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe, na asilimia hiyo haipatikani kwa kumtoza mwenye mbwa. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, ulijaribiwa kwa njia zote mbili: wenye mbwa walipotakiwa walipe, waliochanjwa walikuwa kama robo tu, chanjo ilipotolewa bure, waliochanjwa wakawa ndio wengi. Karibu nasi zaidi, kisiwani Pemba, chanjo za halaiki zilikomesha maradhi hayo mnamo 2014. Yakaingia tena mnamo 2016. Chanjo zikarudiwa, na mnamo 2018 yakakoma mara ya pili. Katika jambo hili faida ya chanjo ni ya mtoto wa jirani kuliko ya mwenye mbwa, na haki ni jirani wote walipe kupitia hazina ya umma.

Limebaki jambo zito zaidi, nami ningependa lisipite kimyakimya. Matabibu wengi wa wanyama wamepata kumwua mnyama aliyeweza kupona, kwa sababu mwenye mnyama hakuwa na fedha. Sindano hutolewa kwa upole, mnyama hulala, na watu wawili hubaki chumbani, kila mmoja akiwa na aibu yake. Katika nyakati hizo bei iliyotajwa mapema ina thamani isiyopimika, kwani maradhi yana njia nyingi za kutibiwa na si zote zenye gharama moja. Baina ya matibabu ya daraja ya juu kabisa na sindano ya kifo kuna ngazi: dawa ya kujaribu kabla ya vipimo, bandeji badala ya chuma, uangalizi wa nyumbani badala ya kulazwa. Daktari akiuliza tangu mwanzo, "Una kiasi gani unachoweza kukitoa bila kuumia?", na akauliza bila kumwonea soni aulizwaye, ngazi hizo zote huonekana. Wengi wa matabibu vijana hufundishwa kutaja ile ya juu tu, wakihofia mashitaka na lawama, na hofu hiyo huwaua wanyama ambao tiba ya kadiri ingewafaa. Nawaomba walimu wa Nairobi na wa Morogoro wawafundishe wanafunzi wao kuzungumza fedha na mtu mwenye majonzi, somo hilo liwe na saa zake na mtihani wake kama lilivyo somo la upasuaji.

Na kwa mabaraza ya matabibu ya nchi zetu ninalo ombi moja tu, ambalo halihitaji Bunge wala bajeti. Kanuni za mwenendo ziongezwe sharti la karatasi moja, itakayotolewa kabla ya kazi yoyote inayopita ada ya kumwona daktari. Iandikwe kwa lugha aisomayo mteja, na pwani hii lugha hiyo ni Kiswahili. Iwe na jina la mwenye kliniki, kazi itakayofanywa, kima cha chini na kima cha juu, bei ya kila usiku wa kulazwa, na namba ya simu ambayo daktari ataipiga kabla ya kukivuka kima cha juu. Kliniki yenye kompyuta itaichapa. Daktari wa vijijini mwenye begi na pikipiki ataiandika kwa kalamu, akiweka karatasi ya kaboni chini yake, ili nakala moja ibaki katika daftari lake na ya pili aiache mikononi mwa mwenye mnyama.